Propela ikigonga mwamba: kinachofanyika karakanani, na lini ununue mpya

Propela ikigonga mwamba au gogo, mwenye boti hukimbilia kuangalia ncha iliyopinda. Ndiyo inayoonekana. Lakini uharibifu unaoitesa injini mara nyingi hauko kwenye ncha hiyo. Uko kwenye tofauti ndogo za pembe kati ya panga moja na jingine, yaani yale mabapa yanayosukuma maji, tofauti ambazo jicho halizioni hata ukiiinua propela mbele ya dirisha. Ndiyo maana mtu hunyoosha ncha kwa nyundo, propela ikang'aa kama mpya, na boti ikaendelea kutetemeka vilevile. Kutengeneza propela ni kuirudishia vipimo vyake. Karakana isiyopima inafua chuma tu, hata kama fundi wake ana mkono mzuri.

Karibu kila propela ya boti ndogo imegongwa namba kwenye kitovu, sehemu ya katikati inayoshika mapanga, kwa mfano 14 x 19. Namba ya kwanza ni kipenyo, yaani upana wa duara linalochorwa na ncha za mapanga: hapa ni inchi 14. Ya pili ni pichi, umbali ambao propela ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inapita kwenye kitu kigumu, mfano wa skrubu inavyoingia kwenye ubao. Hapa ni inchi 19. Mara nyingi huwa na alama nyingine inayoonyesha kama inazunguka kwenda kulia au kushoto ukiitazama kutoka nyuma ya boti. Boti zenye injini mbili mara nyingi huwa na moja ya kila upande, na ukizichanganya boti itarudi nyuma unapotaka iende mbele.

Maji si kitu kigumu, kwa hiyo propela haifiki umbali wake wote. Chukua injini inayozunguka mara 5,500 kwa dakika, yenye gia ya 2:1, ikiendesha propela ya pichi ya inchi 17. Shafti, yaani mhimili unaozungusha propela, inazunguka mara 2,750 kwa dakika, na kila mzunguko ni kama sentimita 43. Kwa hesabu tupu, boti ingekwenda takriban kilomita 71 kwa saa. GPS ikionyesha kilomita 61, pengo hilo ndilo mtelezo, na hapa ni kama asilimia 14. Kwa boti nyepesi inayopanda juu ya maji, mtelezo wa asilimia 10 hadi 20 ni wa kawaida. Boti nzito inayolima maji hutelezesha zaidi, na hilo si kasoro. Panga lisilotelezesha hata kidogo halisukumi chochote, kwa sababu msukumo unatokana na pembe ambayo panga linakutana kwayo na maji.

Kwa hiyo kabla ya kuifungua propela, kama boti bado inaweza kwenda bila kutetemeka vibaya, pata namba moja: injini inafika mizunguko mingapi kwa dakika ukifungua mafuta yote, boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida. Kila mtengenezaji wa injini hutaja kwenye kitabu chake kiwango ambacho injini inapaswa kufika, na kwa injini nyingi za kisasa za petroli zinazofungwa nyuma ya boti ni kati ya 5,000 na 6,000. Injini isipofika hapo, propela ni nzito kwake: pichi au kipenyo kimezidi. Ikipita, propela ni nyepesi mno, au imepoteza kitu. Kwa kanuni ya haraka wanayoitumia mafundi, kubadili pichi kwa inchi moja hubadili mizunguko ya injini ya aina hii kwa 150 hadi 200 hivi kwa dakika, kinyume chake: pichi ikipanda, mizunguko inashuka.

Wengi hupuuza propela nzito kwa sababu boti inatembea tu, na kwa mwendo wa polepole hata inaonekana kuokoa mafuta. Hapo ndipo injini zinapouawa. Nguvu ambayo propela inadai huongezeka takriban kwa mchemraba wa mizunguko: ukitaka asilimia 10 zaidi ya mizunguko, unahitaji karibu theluthi moja zaidi ya nguvu. Injini ya dizeli iliyofungwa propela nzito hutoa moshi mweusi, joto la moshi hupanda, na vali na pistoni huanza kulipa deni. Injini ya petroli hugonga ndani na kujaza masizi. Fundi akikuuliza mizunguko yako kabla hajaigusa propela, uko mahali pazuri. Asipouliza, mwambie mwenyewe.

Propela ikifika karakanani, kazi ya kwanza ni kuiosha na kuisafisha mpaka chuma kionekane, maana makome na chokaa ya baharini huficha nyufa. Kisha fundi huigonga kwa nyundo nyepesi, panga baada ya panga, na kusikiliza. Propela nzima ya bronzi hulia kama kengele na sauti hukawia kuisha. Yenye ufa, au ambayo chuma chake kimeoza ndani, hutoa sauti butu inayokatika papo hapo. Kuhakikisha, hupaka rangi nyekundu inayopenya, huifuta, halafu hupuliza unga mweupe juu yake. Palipo na ufa, mstari mwekundu mwembamba hupanda kwenye unga dakika chache baadaye. Nyufa za hatari zaidi huwa kwenye mzizi wa panga, pale linapoungana na kitovu, kwa sababu hapo ndipo nguvu zote zinapokutana. Kwa propela kubwa za meli, taasisi za uainishaji, zile zinazokagua na kuthibitisha ubora wa meli, hugawa panga katika kanda A, B na C, na katika kanda A, karibu na mzizi upande unaosukuma maji, kuchomelea kwa kawaida hakuruhusiwi.

Baada ya hapo ndipo kipimo. Propela huwekwa kwenye stendi inayoishika kwa tundu la kitovu, na mkono wenye sindano hushuka na kugusa uso wa panga. Fundi huchagua miduara kadhaa kutoka kitovuni hadi nchani, na katika kila mduara husoma kina cha panga kwenye pembe tofauti. Tofauti ya kina kati ya pointi mbili, ikilinganishwa na pembe iliyozungukwa, ndiyo inatoa pichi ya mahali hapo. Akimaliza panga la kwanza huenda la pili, kisha la tatu. Mashine za siku hizi hutuma vipimo moja kwa moja kwenye kompyuta na kuchora ramani ya kila panga, lakini hesabu ni ileile iliyokuwa ikifanywa kwa kalamu na karatasi.

Karatasi ya vipimo ndiyo inayofundisha. Kwenye propela ya pichi ya inchi 19 unaweza kukuta panga moja lina 19.1, la pili 18.9, na la tatu, lile ambalo hukuliona limegonga chochote, lina 17.8. Hilo la tatu linasukuma maji kidogo kuliko wenzake, kwa hiyo kila mzunguko shafti inavutwa upande mmoja. Mtetemo huo hula beringi, huchosha sili za mafuta, na mwishowe huonekana kama ubovu wa gia. Watu wamebadili beringi na gia kwa sababu ya panga moja lililopinda inchi moja.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 484 kinapanga usahihi wa propela katika madaraja manne: S, I, II na III. Sehemu yake ya kwanza ni ya propela zenye kipenyo kinachozidi mita 2.5, na ya pili ni kwa zile za kuanzia sentimita 80 hadi mita 2.5. Daraja S huruhusu wastani wa pichi wa propela nzima utofautiane kwa nusu asilimia tu. Daraja III huruhusu asilimia 3. Karakana nyingi hutumia madaraja hayohayo hata kwa propela ndogo kuliko hizo. Boti ya kasi yenye shafti ndefu inastahili daraja I au S. Boti ya mizigo inayokwenda polepole inaishi vizuri na daraja la chini, na kulipia zaidi ya hapo ni kutupa fedha. Uliza mapema propela yako itarudi kwa daraja gani, na udai karatasi mbili za vipimo: ya kabla na ya baada.

Kunyoosha kwenyewe hufanyika juu ya fuawe lenye mkunjo wa pichi inayotakiwa. Panga hulazwa juu yake na kupigwa hadi lilale sawasawa, au hukandamizwa kwa jeki ya haidroliki ambayo haiachi makovu ya nyundo. Palipokatika huchomelewa chuma cha aina ileile, kisha husagwa na kupigwa tupa hadi kurudi kwenye umbo. Sehemu inayohitaji macho makali ni kingo za panga. Propela nyingi zina ukingo wa nyuma uliokunjwa kidogo kuelekea upande wa kusukuma, mkunjo wa milimita chache unaosaidia propela kushika maji kwenye kona na mawimbi. Mtu anayelainisha ukingo huo kwa tupa akidhani anaondoa kasoro anaiondolea propela sehemu ya nguvu yake. Injini itapanda mizunguko kwa mia moja au mia mbili zaidi, boti haitaongeza kasi, na hakuna atakayejua kwa nini.

Kubalansi huja mwisho. Propela hutiwa kwenye mhimili unaozunguka bila msuguano, panga zito linashuka chini lenyewe, na fundi hupunguza chuma kidogo kidogo mgongoni mwake hadi propela itulie popote unapoiachia. Kuna wanaofanya hatua hii peke yake na kuiita matengenezo. Uzito unaweza kuwa sawa kabisa na mapanga bado yakawa na pichi tofauti. Juu ya stendi propela itatulia, ndani ya maji itatetemeka, kwa sababu majini kinachopima ni msukumo.

Aina ya chuma ndiyo inayoamua mengi. Alumini ni nyepesi na rahisi, na hupinda mapema, jambo ambalo kwa boti inayopita maji ya kina kifupi ni neema: bora panga lipinde kuliko gia zivunjike. Tatizo lake ni moto. Alumini haibadiliki kuwa nyekundu kabla ya kuyeyuka, kwenye nyuzijoto 660 hivi, kwa hiyo asiyeizoea huivuka mstari bila onyo. Na hata akifanikiwa, chuma kilichopashwa sana hulainika, na panga lililochomelewa mara mbili tatu hupinda kwa pigo dogo. Kwa maoni yangu propela ya alumini inastahili ukarabati mmoja mzuri. Ikiwa panga limepoteza kipande kikubwa au ufa umefika mzizini, nunua mpya.

Chuma kisichoshika kutu ni kigumu zaidi, kwa hiyo mapanga yake hutengenezwa membamba na hayapindi chini ya mzigo. Bei yake huwa juu mara kadhaa, lakini hutengenezeka tena na tena bila kulainika, na hapo ndipo karakana maalumu inapolipa. Ikigonga kitu kigumu kwa kasi, hata hivyo, pigo hupita kwenda kwenye shafti. Ukigonga kwa nguvu ukiwa na propela ya aina hii, pima na unyoofu wa shafti, hata kama mapanga yanaonekana mazima.

Bronzi ndiyo chuma cha boti zenye injini ndani, na hapa jina linachanganya watu. Kinachouzwa kama bronzi ya manganizi ni aloi ya shaba yenye zinki nyingi. Ikikaa kwenye maji ya chumvi bila kinga, zinki huyeyuka na kutoka, na inabaki shaba yenye matundu madogo kama sifongo. Dalili yake ni rangi: kwaruza mahali, ukikuta wekundu wa waridi badala ya rangi ya dhahabu, chuma hicho kimeshaliwa. Hakuna kuchomelea kutakakokiokoa. Bronzi ya nikeli na alumini ina nguvu zaidi na hustahimili chumvi vizuri zaidi, na kwa boti inayofanya kazi kila siku ndiyo ningeitafuta. Ile ya manganizi ikichomelewa huhitaji kupashwa tena na kupoozwa taratibu ili kuondoa mkazo uliofungwa ndani yake, la sivyo hupasuka yenyewe wiki au miezi baadaye. Uliza kama karakana inafanya hivyo.

Vidonda kwenye mapanga vinahitaji kusomwa kabla ya kuzibwa, maana vina asili tofauti. Vile vilivyosambaa kila mahali, pamoja na kitovu na hata nati, kwa kawaida ni kutu ya umeme: metali mbili tofauti ndani ya maji ya chumvi hufanya betri, na iliyo dhaifu huliwa. Kinga yake ni vipande vya kujitoa mhanga vinavyofungwa kwenye shafti au injini: zinki au alumini kwa maji ya chumvi, magnesi kwa maji yasiyo na chumvi. Kipande kilichoisha nusu ni cha kubadilishwa. Na kisipakwe rangi kamwe, maana kikifunikwa hakifanyi kazi.

Vidonda vilivyojikusanya mahali pamoja, vikali kama chuma kimetafunwa, kwa kawaida ni kavitesheni. Panga likizunguka kwa kasi, shinikizo la maji mgongoni mwake hushuka mno hadi maji huchemka bila kupashwa moto. Mapovu ya mvuke huundwa, husukumwa kwenda kwenye shinikizo kubwa, na hulipuka kuelekea ndani yakiugonga uso wa chuma. Mhandisi Charles Parsons alikutana na tatizo hili kwenye meli yake ya majaribio, Turbinia, iliyozinduliwa mwaka 1894. Injini yake ya taabini ilikuwa na nguvu nyingi, lakini propela moja iliyozunguka kwa kasi kubwa ilikuwa inachemsha maji badala ya kuyasukuma. Aliunda tangi la kuchunguza mapovu hayo, na mwishowe akaweka shafti tatu zenye propela tatu kila moja. Mwaka 1897 meli hiyo ilipita kilomita 60 kwa saa mbele ya manowari za Uingereza zilizokusanyika Spithead. Ukizijaza tu alama hizi kwa kuchomelea bila kuuliza kwa nini panga linafanya kazi kupita kiasi, zitarudi palepale. Chanzo kinaweza kuwa ukingo wa mbele uliopinda, eneo dogo la mapanga kwa nguvu ya injini, au kitu kilichobandikwa chini ya boti mbele ya propela kinachovuruga maji.

Kavitesheni isichanganywe na propela kuvuta hewa kutoka juu ya maji, kitu kinachotokea injini ikifungwa juu sana au boti ikikata kona kali. Hapo mizunguko hupaa ghafla na msukumo hupotea, na dawa ni kushusha injini au propela yenye mkunjo zaidi.

Kuna ubovu mwingine unaofanana na huo na hauhusiani na mapanga kabisa. Propela nyingi za injini za nje zina bushi ya mpira iliyobanwa kati ya kitovu na sehemu ya meno inayoshika shafti. Kazi yake ni kulainisha mshtuko wa kuingiza gia na wa kugonga kitu. Ikichoka huteleza: polepole boti inatembea vizuri, ukiongeza mafuta injini inanguruma na boti haiongezi mwendo. Kabla ya kumlaumu mtu, chora mstari wa rangi unaopita kutoka sehemu ya ndani hadi kitovu cha nje, toka na boti, fungua mafuta, rudi utazame. Mstari ukiwa umeachana, bushi imeteleza. Karakana huitoa na kubana mpya kwa mashine ya haidroliki. Propela za kisasa zaidi zina bushi ya plastiki ngumu unayoweza kuibadili mwenyewe.

Na je, ni wakati gani kununua nyingine ni busara kuliko kutengeneza? Nyufa mzizini, bronzi iliyogeuka waridi, mapanga yaliyosagwa na kusahihishwa mara nyingi hadi kipenyo kimepungua, alumini iliyokatika vibaya: hizo hazina mjadala. Sababu nyingine inasahaulika, nayo ni propela nzima kabisa isiyoifaa boti. Ukiongeza mzigo wa kudumu au ukabadili injini, pichi ya zamani haina haki tena. Mara nyingi karakana inaweza kuikunja propela ya bronzi au ya chuma kisichoshika kutu ipande au ishuke inchi moja au mbili, na hiyo ni nafuu kuliko kununua. Zaidi ya hapo umbo la panga linaharibika.

Kubwa si lazima liwe bora. Mwaka 1837 mvumbuzi Francis Pettit Smith alikuwa akijaribu kwenye mfereji wa Paddington, London, boti yenye skrubu ndefu ya mbao. Skrubu ikagonga kitu, nusu yake ikakatika, na boti ikaongeza kasi. Aliyekuwa akiamini kwamba urefu ndio nguvu alipata jibu kutoka kwa ajali.

Kurudisha propela mahali pake kuna makosa yake. Kwenye injini ya nje, toa ufunguo kwanza, kisha weka kipande cha mbao kati ya panga na bati lililo juu yake ili propela isizunguke unapokaza nati. Angalia nyuma kabisa kama kuna mshipi wa kuvulia uliojiviringisha kwenye shafti. Uzi huo hukata sili kimyakimya, maji huingia kwenye gia, na mafuta ya gia hugeuka rangi ya maziwa. Rudisha washa nzito ya msukumo upande ule uliotoka; ukiisahau, kitovu kitasaga nyumba ya gia. Paka grisi kwenye meno, kaza, weka kotapini mpya, ile pini inayozuia nati isifunguke.

Kwenye shafti ya injini ya ndani, kitovu hukaa kwenye sehemu iliyochongoka kidogo, na kinachobeba nguvu ni mgusano wa nyuso hizo mbili. Kabari ndogo iliyo kwenye mfereji ni msaidizi tu. Fundi makini hupaka rangi ya bluu ndani ya kitovu, hukisukuma na kukitoa, aone kama rangi imegusa sehemu kubwa. Isipogusa, husaga kwa dawa nzito ya kusagia vali. Hufanya hivyo kwanza bila kabari na kutia alama mahali kitovu kilipofika. Akirudisha na kabari na kitovu kisifike kwenye alama, kabari ni ndefu kwenda juu na imekibeba kitovu. Propela ya namna hiyo huonekana imekaza, na siku moja hupasua kitovu au huondoka na nati zake. Wakati wa kuitoa pia, tumia kivutio cha skrubu. Kupiga nyundo mwisho wa shafti hupeleka pigo hadi kwenye beringi za giaboksi.

Halafu toka na boti ikiwa na mzigo uleule, fungua mafuta yote, na usome mizunguko. Ikiwa imeingia kwenye kiwango cha kitabu na usukani hautetemeki, fundi amefanya kazi yake. Ikiwa haijaingia, rudi naye kwenye karatasi za vipimo. Hapo mna kitu cha kuzungumzia zaidi ya hisia. Baada ya saa chache za kwanza za kazi, kagua nati na kotapini, na ufungue skrubu ya chini ya mafuta ya gia utazame rangi yake.